Hakuna kitu kinachoitwa tyuni ya Mississippi

Ombi ni lile lile, anayebadilika ni mwombaji tu: "Mwalimu, nipe tyuni ya Mississippi," yaani namna ya kukaza nyuzi za gitaa. Wengine hata hawaombi, wanakuja na jibu lao mfukoni. Kwao blues ya Mississippi ni gitaa lililowekwa G wazi (nyuzi zikipigwa bila kubanwa zinatoa kodi ya G, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja), shingo ya chupa, yaani slaidi, kidoleni, vipimo 12 vya midundo vinavyojirudia mpaka kiama, na mzee anayelia kando ya mto. Mweleze mtu huyo kwamba Mississippi John Hurt, aliyebeba jina la jimbo zima, sehemu kubwa ya kazi yake haina slaidi wala G wazi, naye atakujibu kwamba basi huyo si wa Mississippi hasa. Hapo ndipo subira yangu inapokatika.

Tuanze na ramani, na nitaipita mbio. Delta wanayoisema wapiga gitaa si mdomo wa mto. Mdomo wa mto Mississippi uko jimbo la Louisiana, chini ya New Orleans, mamia ya kilomita kutoka hapo. Delta ya blues ni tambarare ya mafuriko iliyo kaskazini-magharibi mwa jimbo, kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, kuanzia jirani na Memphis kushuka hadi Vicksburg. Ardhi nyeusi na pamba. Huko ndiko lilikokuwa shamba la Dockery, lililoanzishwa 1895, alikoishi Charley Patton. Huko pia ndiko lilikokuwa shamba la Stovall karibu na Clarksdale, ambako Muddy Waters alirekodiwa mwaka 1941, miaka miwili kabla hajahamia Chicago.

Jimbo lililobaki si Delta. Robert Johnson, ambaye kila jalada la santuri linamvika taji la Delta, alizaliwa Hazlehurst, kusini ya Jackson, na alirudi huko huko kunolewa na Ike Zimmerman, ambaye naye alitoka Alabama. (Habari za kwamba alimuuzia shetani roho kwenye njia panda ili aweze gitaa zinaishia kwenye mabano haya. Mtu aliyepata mwalimu mzuri na muda wa mazoezi hahitaji maelezo mengine.) Howlin' Wolf alizaliwa White Station, karibu na West Point, upande wa mashariki. Bo Diddley ni wa McComb, kusini kabisa. Jimmie Rodgers ni wa Meridian, karibu na mpaka wa Alabama.

Sasa G wazi yenyewe, maana hata hao wanaoipenda wanaiharibu. Nyuzi za 4, 3 na 2 huzigusi. Unashusha uzi wa 6, wa 5 na wa 1, kila mmoja toni nzima (umbali wa freti mbili), upate D G D G B D kuanzia uzi mnene. Mashine ya kutyuni huihitaji: uzi wa 6 uufananishe na wa 4, oktavu chini, wa 1 uufananishe na huo huo wa 4, oktavu juu, wa 5 uufananishe na wa 3. Halafu kumbuka kwamba nyumbani, yaani noti inayoipa kodi jina lake, ni uzi wa 5. Si wa 6. Kidole gumba kilichozoea E ya kawaida kinakimbilia uzi wa 6, kila kodi inatoka ikiwa na D chini yake, na mpigaji analaumu gitaa.

Santuri nyingi za zamani zinasikika kwenye A, na watu wanakaza nyuzi toni nzima kuzifuata. Usifanye hivyo kwenye gitaa kavu la bei nafuu, litang'oka daraja. Weka kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya 2, umefika. Tatizo la upande wa pili ni nyuzi nyepesi. Seti inayoanza na uzi mwembamba wa inchi 0.010 ikishushwa hadi G wazi inalegea mno, slaidi inagonga freti, na uzi wa 6 unapepea kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa slaidi kwenye gitaa kavu chukua seti inayoanza na 0.013, au 0.012 kama shingo ya gitaa lako ina mashaka, na uinue nyuzi kidogo kutoka shingoni.

Slaidi inakaa juu ya chuma cha freti chenyewe, siyo katikati ya freti mbili kama kidole. Hukandamizi. Kidole kilicho nyuma ya slaidi kinagusa nyuzi kwa wepesi kuua kelele. Ukikiinua utasikia sauti mbili, moja ya muziki na nyingine ya sufuria. Ivae kidole cha mwisho ili vitatu vibaki huru kubana. Kioo au chuma, ni hiari yako.

D wazi nayo ni ya jimbo hilo hilo: D A D F♯ A D. Unashusha nyuzi za 6, 2 na 1 toni nzima, na uzi wa 3 nusu toni. Hapa nyumbani ni uzi wa 6, na pia uzi wa 1 juu kabisa. Ndiyo maana kile kilio cha Elmore James kwenye freti ya 12, pigo tatu tatu katika kila mdundo, kinatoka vile kinavyotoka: slaidi iko oktavu kamili juu ya kodi ya nyumbani na uzi wa juu unalia jina la nyumba. Ukijaribu kukipiga kwenye G wazi, uzi wa juu unakupa noti ya tano, na kilio kinageuka swali. James alirekodi kibao chake cha kwanza Jackson mwaka 1951, kwa kampuni ya Trumpet iliyoendeshwa na Lillian McMurry. Jackson ni mji mkuu wa jimbo, nao hauko Delta.

Haya. Tufike Bentonia, ambako hasira zangu zimejenga nyumba.

Bentonia ni kimji cha wilaya ya Yazoo, pale tambarare inapokaribia vilima. Huko ndiko alikotoka Skip James, aliyezaliwa 1902 na kurekodi kwa kampuni ya Paramount huko Grafton, Wisconsin, Februari 1931. Tyuni yake ni ya D ndogo: D A D F A D. Ilinganishe na D wazi uone tofauti ni uzi mmoja tu, wa 3, na ni nusu toni tu: F badala ya F♯. Kwa hiyo kutoka tyuni ya kawaida unashusha nyuzi nne, wa 6, wa 3, wa 2 na wa 1, zote toni nzima. Rahisi hivyo. Na bado mtandaoni kuna masomo chungu nzima ambamo mtu anapiga A ndogo kwenye tyuni ya kawaida, anakunja uso, na kutangaza kwamba hiyo ni Bentonia.

Kosa ni kudhani kwamba tyuni ndogo ni tyuni ya huzuni. Kazi yote iko kwenye uzi wa 3. Ukiuacha wazi, kodi ni ndogo. Ukibana freti ya 1, kodi ni kubwa. Mpigaji anazunguka kati ya hizo mbili, mara nyingi ndani ya mstari mmoja, na sauti ya Skip James, ile nyembamba ya juu, inakaa katikati yake bila kuchagua upande. Ukibana freti ya 1 muda wote umejipatia D wazi kwa njia ndefu. Usipoibana kabisa umepata muziki wa filamu ya mazishi. Fanya hivi: gumba kwenye uzi wa 6 kila mdundo, kwa upole, uzi wa 3 ulie wazi kwa midundo miwili, kisha dondosha kidole cha shahada kwenye freti ya 1 bila kuupiga uzi upya kwa mkono wa kulia, ulie kwa kule kudondoka tu. Achia. Rudia mpaka mkono wa kushoto uache kukimbilia. Na weka slaidi kabatini: ukiitelezesha kwenye tyuni hii kila kituo kinakuwa kodi ndogo, na ule mchezo wa kati na kati unakufa.

Kuna wanaoapa kwamba ni E ndogo, siyo D: E B E G B E. Inapatikana kwa kupandisha uzi wa 5 na wa 4 toni nzima kila mmoja, na ndiyo tyuni inayokata nyuzi za wanafunzi. Umbali kati ya nyuzi ni ule ule, kwa hiyo vidole havioni tofauti. Lakini kuamua kwa kusikiliza santuri ya 1931 kwamba gitaa lilikaa E na si D ni ujasiri nisiokuwa nao. Mashine za kurekodia za wakati ule hazikwenda kasi moja, na mashine ya kuchezea ikienda kasi kidogo, noti zote zinapanda pamoja. Vitabu vinaandika jibu moja kwa wino mweusi. Mimi nakwambia kaa D, na ukitaka E weka kapo freti ya 2.

Jambo jingine ambalo vitabu vinalilainisha ni ile "shule ya Bentonia". Skip James alijifunza kwa Henry Stuckey, ambaye alisema tyuni hiyo aliipata Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza, kwa askari weusi waliotoka visiwa vya Karibi. Tuna neno lake, basi. Baadaye kuna Jack Owens, na kuna Jimmy "Duck" Holmes, ambaye wazazi wake walifungua Blue Front Cafe mwaka 1948. Je, hiyo ni shule, au ni majirani wachache wa mzee mmoja? Naegemea majirani, lakini sitagombana na mtu kwa hilo.

Turudi kwa John Hurt. Alikuwa wa Avalon, wilaya ya Carroll, pembezoni mwa tambarare. Alirekodi kwa kampuni ya Okeh mwaka 1928, akarudi shambani, na akatafutwa tena 1963 na mtu aliyesikia jina la Avalon ndani ya wimbo wake na kulifuata kwenye ramani. Alifariki 1966. Tyuni: ya kawaida kabisa. Kodi: C, F, G, vitu vya wiki ya kwanza ya masomo. Ugumu wote uko mkono wa kulia.

Gumba linapiga kila mdundo, moja kwa kila hesabu, likipokezana nyuzi nene. Kwenye C ni 5, 4, 5, 4. Au ukiweza kuhamisha kidole cha tatu kwenda uzi wa 6 freti ya 3, ni 5, 4, 6, 4. Shahada na kidole cha kati vinabeba wimbo kwenye nyuzi tatu nyembamba, mara pamoja na gumba, mara katikati ya mapigo yake. Vidole viwili vya mwisho vinaegemea ubao wa gitaa. Kinachoharibika ni kimoja, na ni kwa kila mtu: wimbo ukiruka, gumba linaruka nao. Tiba yake inachosha. Gumba peke yake kwa dakika nzima bila wimbo, kisha noti moja ya wimbo kwenye hesabu ya kwanza, kisha noti hiyo hiyo ihamie katikati ya hesabu ya kwanza na ya pili. Gumba likiyumba, rudi nyuma hatua moja.

Wapiga omutibo, ule mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, na yeyote aliyekaa chini na nyimbo za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, wanapita mlango huu bila kuinama, kwa sababu gumba lao tayari lina kazi yake. Bosco alitumia gumba na shahada. Hurt anaongeza kidole cha kati. Lakini naomba tusianze kuwatafutia ukoo. Mikono miwili kufanana juu ya ala moja hakuthibitishi kwamba mmoja alimsikia mwingine, na gitaa lenyewe, lenye nyuzi tatu nene na tatu nyembamba, linawasukuma watu wengi kwenye mgawanyo huo huo.

Kaskazini, kwenye vilima vya Como, Senatobia na Holly Springs, kanuni ya vipimo 12 inavunjika kabisa. R.L. Burnside na Junior Kimbrough wanaweza kwenda wimbo mzima kwa kodi moja (ile ya gitaa, si ya TRA). Mwanafunzi anasikia, anaona kama kuna kitu kimesahaulika, na kwa wema wa moyo wake anaongeza kodi ya nne kwenye kipimo cha tano, kama blues ya vipimo 12 inavyotaka. Umeharibu. Hakuna kipimo cha tano. Kuna kipande kifupi kinachojirudia kwenye nyuzi nyembamba, gumba lisilolala kwenye nene, na mwimbaji anayeingia anapopata pumzi. Mstari mmoja unaweza kuwa midundo tisa, unaofuata kumi na moja. Kama una mpiga ngoma, mwambie aache kuhesabu na amwangalie mwimbaji mdomoni. Akipiga ile mbwembwe ya kufungia kila baada ya vipimo vinne, atamkuta mwimbaji katikati ya neno.

Muziki huu umekaa jirani na ngoma na filimbi. Othar Turner, aliyeishi hadi 2003, alitengeneza filimbi zake kwa matete, akitoboa matundu kwa chuma kilichochomwa motoni, na nyuma yake zilikuwa ngoma tu. Ukimsikiliza Turner kwanza, Kimbrough anaeleweka. Ukianza na Kimbrough huku masikio yamezoea blues ya Chicago, utadhani bendi imepotea.

Ila msije mkatangaza kwamba vilimani hakuna slaidi. Mississippi Fred McDowell, aliyerekodiwa na mkusanya nyimbo Alan Lomax huko Como mwaka 1959, alikuwa bingwa wa slaidi. Na huyo "Mississippi" alizaliwa Rossville, Tennessee. Kwangu ni wa Mississippi, kwa sababu mkono wake uliiva Como. Kwa kipimo hicho hicho Elvis Presley, aliyeondoka Tupelo mwaka 1948 akiwa na miaka 13, ananipa shida, na Bo Diddley aliyepelekwa Chicago akiwa mtoto ananipa shida zaidi. Orodha za "wanamuziki wa jimbo fulani" hukata shauri kwa cheti cha kuzaliwa kwa sababu ni rahisi. Hata vyeti havisaidii sana: Muddy Waters alitaja Rolling Fork na 1915, na kumbukumbu za zamani zinaelekeza wilaya ya Issaquena na 1913.

Kisha kuna wasiohesabiwa kabisa kwa sababu hawalii vya kutosha. Mississippi Sheiks, bendi ya familia ya Chatmon wa Bolton pamoja na Walter Vinson, walianza kurekodi 1930 kwa violini na gitaa. Violini ndiyo inayoongoza, gitaa linatembeza kodi na besi, na walipiga dansi za weusi na za weupe. Jimmie Rodgers, mzungu wa reli aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, aliimba beti za blues na kuzifunga kwa sauti ya kuvunjika kooni. Mwaka 1930 alirekodi na Louis Armstrong. Howlin' Wolf alisema alijaribu kuiga ile sauti ya Rodgers ikamshinda, ikatoka kilio cha mbwa mwitu. Santuri za Rodgers zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya, na mwaka 1950 mkusanya muziki Hugh Tracey alirekodi huko nyimbo za "Chemirocha", jina la Rodgers likiwa limegeuzwa na, kwa maelezo ya Tracey, mwenyewe amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Waliokuwa Kapkatet, huko huko kwa Wakipsigis, wakati ule walimjua mtu wa Mississippi asiye na slaidi wala Delta. Wanafunzi wangu wenye intaneti bado.

B.B. King naye, mzaliwa wa Berclair karibu na Itta Bena, ndani ya Delta kabisa, hakutumia slaidi. Alimpenda binamu ya mama yake, Bukka White, aliyeipiga vizuri, vidole vyake vikakataa, akatafuta mtetemo unaofanana nayo: shahada imebana uzi, gumba limeachia shingo, kifundo cha mkono kinazunguka kama anayefungua kitasa. Ukiacha gumba limeshika shingo, mtetemo unatoka mdogo na wa woga.

Na kabla hujaniandikia, kagua majina. Jimmie Rodgers ni huyo wa Meridian. Jimmy Rogers ni mpiga gitaa wa Muddy Waters, wa Ruleville. Sonny Boy Williamson ni wawili: John Lee, wa Jackson ya Tennessee, aliyeuawa Chicago 1948, na Rice Miller, wa Mississippi, aliyefariki 1965. Otis Rush ni wa Philadelphia, lakini ile ya Mississippi. Bukka White ni wa Houston, vilevile ya Mississippi. Buddy Guy na Little Walter, mnaowaingiza kila mara, ni wa Louisiana wote wawili.

Kwa hiyo usiombe tyuni ya jimbo. Niandikie jina la mpigaji, jina la kibao na mwaka kilipotoka, maana Muddy Waters wa 1948 yuko G wazi, na wa miaka ya baadaye mara nyingi anapiga slaidi kwenye tyuni ya kawaida akiwa na kapo. Ongeza na namba ya nyuzi ulizofunga. Ukisema 0.009, nitakutuma dukani kwanza.